Semina Imekwisha, Darasa Liko Palepale: Kwa Nini Mafunzo ya Teknolojia Hayamfikii Mwalimu wa Lugha

Semina nyingi za teknolojia kwa walimu wa lugha hufanana. Mkufunzi anawasha projekta, anaonyesha programu moja baada ya nyingine, kila mtu anafungua akaunti na kutunga jaribio fupi la maswali ya kuchagua. Watu wanacheka, wanapiga makofi, vyeti vinagawiwa. Muda mfupi baadaye zile akaunti hakuna anayezifungua na nywila zimeshasahaulika. Uongozi unawalaumu walimu kwamba wanaogopa mashine, walimu nao wanailaumu intaneti. Mimi naona tatizo lilianza mapema zaidi, kwenye swali lililoongoza semina yenyewe. Iliulizwa programu hii inafanya nini, wakati mwalimu wa lugha ana swali lake jingine kabisa: mwanafunzi wangu atasikia nini, atasema nini na ataandika nini, kwa lugha ambayo bado haijamkaa kinywani?

Kosa hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta za shuleni. Mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyoelekeza fedha nyingi kwenye sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Sehemu ya fedha hizo ilijenga maabara za lugha: vyumba vyenye vibanda, vinasa sauti vya tepu na spika za masikioni, ambamo mwanafunzi alisikiliza sentensi, akairudia, akabadilisha neno moja, akairudia tena. Nadharia iliyotawala wakati huo iliichukulia lugha kuwa ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa kurudiarudia. Utafiti mkubwa uliofanywa katika shule za jimbo la Pennsylvania kwenye miaka ya 1960 haukuona faida ya maana iliyotokana na maabara hizo, na katika miaka ya 1970 nyingi zilikuwa zimeachwa zipigwe na vumbi. Mashine zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuonyesha namna ya kutoka kwenye sentensi ya kukariri hadi kwenye mazungumzo ambayo hakuna aliyeyaandika mapema, na mtu huyo ni mwalimu, ambaye alipewa ufunguo wa chumba na maelezo ya vitufe.

Tangu hapo kila muongo umekuja na chombo chake: video, kompyuta za mezani, diski za CD, ubao wa kielektroniki, vishikwambi, na sasa akili mnemba. Ahadi ni zilezile, semina zilezile.

Mwalimu wa lugha si kama mwalimu mwingine

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alitoa hoja iliyobadili mafunzo ya ualimu. Alisema kujua somo hakutoshi, na kujua mbinu za kufundisha kwa ujumla nako hakutoshi. Kuna ujuzi wa tatu unaozaliwa pale viwili hivyo vinapokutana: kujua somo hili linawachanganya wapi wanafunzi, na uzi huo unafumuliwaje. Mtu anaweza kuongea Kijerumani tangu utotoni na asijue kabisa kwa nini mwanafunzi wake anakwama kila kitenzi kinapotakiwa kwenda mwisho wa sentensi tegemezi. Miaka 20 baadaye, mwaka 2006, Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliongeza teknolojia kwenye hesabu hiyo, na mfumo wao sasa unajulikana kwa jina la TPACK. Ukiuvua michoro yake ya duara zinazopishana, unasema hivi: kujua kutumia kompyuta ni jambo moja, kujua kufundishia kwa kompyuta ni jambo jingine, na kujua kufundishia kwa kompyuta zile sentensi tegemezi za Kijerumani ni jambo la tatu. Semina za kawaida hufundisha la kwanza, hugusa la pili, na la tatu huachiwa mwalimu apambane nalo peke yake usiku.

Kwa mwalimu wa lugha kuna ugumu mwingine juu ya huo. Mwalimu wa jiografia akionyesha video ya volkano, ameileta volkano darasani, na kazi ya chombo inaishia hapo. Kwenye lugha, chombo chenyewe ni mahali ambapo lugha inatumika. Watu wanaandikiana ujumbe, wanakatizana kwenye mikutano ya video, wanajibu maoni ya watu wasiowajua. Ndiyo maana Baraza la Ulaya, lilipotoa mwaka 2020 juzuu jipya la kukamilisha mwongozo wake wa viwango vya lugha, ule wa A1 (anayeanza) hadi C2 (aliyebobea), liliweka humo vipimo vya mazungumzo ya mtandaoni. Kumfundisha mtu namna ya kuomba nafasi ya kusema kwenye simu ya video yenye watu sita, bila kuonekana hana adabu, ni kumfundisha lugha, wala hakuhitaji kuombewa radhi kama nyongeza ya teknolojia.

Upande wa pili ndio unaowakosesha walimu usingizi: chombo kinaweza kumfanyia mwanafunzi kazi ileile aliyotakiwa aifanye ili ajifunze. Hapo nitarudi.

Mwaka 2005 Regine Hampel na Ursula Stickler, waliokuwa wakiwaandaa wakufunzi wa lugha wa mtandaoni katika Open University ya Uingereza, walichora ngazi saba za stadi anazohitaji mwalimu wa aina hiyo. Chini kabisa ni kutumia kompyuta. Inafuata kuimudu programu husika, kisha kujua mipaka na nafasi zinazotolewa na chombo hicho, kisha kuwafanya watu wasioonana ana kwa ana wawe kundi, kisha kuwawezesha kuwasiliana kweli kwa lugha lengwa, kisha ubunifu na uchaguzi, na juu kabisa mwalimu kuwa na mtindo wake mwenyewe. Wapo waliopinga umbo lenyewe la ngazi, kwa kuwa linafanya ionekane kwamba lazima umalize ya chini ndipo upande ya juu. Nakubaliana nao. Mwalimu mzoefu asiyejua kompyuta anaweza kuwa bingwa wa ngazi ya tano tangu siku ya kwanza. Hata hivyo mchoro huo una faida moja kubwa: unakuonyesha semina uliyohudhuria iliishia wapi. Nyingi huishia ya pili.

Miongozo rasmi haikosekani. UNESCO ina mfumo wake wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la tatu likiwa la mwaka 2018. Tume ya Ulaya ilitoa wake mwaka 2017, wenye stadi 22 katika maeneo sita, na viwango vyake wakaviita A1 hadi C2, vilivyoazimwa moja kwa moja kutoka kwa walimu wa lugha. Miongozo hii inafaa kwa mtu anayepanga mtaala wa chuo cha ualimu. Mwalimu mwenye vipindi vitano siku hiyo atapata msaada mdogo humo, maana imeandikwa kwa masomo yote, na kinachofaa kwa masomo yote hakisemi lolote juu ya sikio la mwanafunzi.

Dakika moja na nusu ya kusikiliza

Tuchukue kipindi cha kusikiliza, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachofundishwa vibaya kuliko vyote. Mwalimu ana mazungumzo ya dakika moja na nusu. Anayacheza kwenye spika mara tatu, wanafunzi wanajibu maswali, majibu yanasahihishwa. Mwenye kupata saba kati ya kumi anajua amepata saba. Zile tatu zilimponyoka kwa nini, hajui, na mwalimu pia hajui. Hapo pamefanyika mtihani wa kusikiliza, si somo la kusikiliza.

Sasa weka sauti ileile kwenye simu za wanafunzi. Intaneti haihitajiki, faili inaweza kurushwa kwa bluetooth kutoka simu moja hadi nyingine, na simu zikiwa chache watu wawili watatu watashirikiana moja. Kila kundi linasikiliza kwa mwendo wake, linasimamisha, linarudisha nyuma sekunde tano, linaandika sentensi nne zilizochaguliwa, neno kwa neno. Baada ya hapo wanapewa maandishi kamili na kupiga mstari kila pahali walipokosea. Kisha swali moja tu kwa kila mstari: neno hili nilikuwa silijui, au nilikuwa nalijua ila sikulitambua liliposemwa haraka na kuunganishwa na jirani yake?

Swali hilo linatenga magonjwa mawili yenye dawa tofauti. Anayekosa maneno anahitaji msamiati. Anayeyajua kwa macho na asiyatambue kwa masikio anahitaji kusikia kwa wingi maneno yakiwa yameshikana, kama Wafaransa wanavyounganisha konsonanti ya mwisho na irabu inayofuata, au Waingereza wanavyomeza silabi zisizo na mkazo. Wanafunzi wengi wa kiwango cha kati ni wa kundi hili la pili, na wengi hupewa orodha za msamiati mwaka mzima.

Teknolojia iliyotumika hapo ni kitufe cha kusimamisha na cha kurudisha nyuma. Ingewezekana kwa tepu ya mwaka 1965. Kilichobadilika ni kwamba kitufe kimehama kutoka mkono wa mwalimu kwenda mkono wa mwanafunzi, na mwalimu amejua cha kuuliza baadaye. Mkufunzi akitumia asubuhi nzima kwa jambo hili moja, walimu wenyewe wakae wasikilize lugha wanayoifundisha, wakosee, wapige mistari, wajadili, watatoka na kitu. Akitumia asubuhi hiyohiyo kuwaonyesha programu 12 za kutengenezea majaribio, watatoka na majina 12.

Mashine inaposikia vizuri kupita kiasi

Programu za kutambua usemi zinasifiwa sana kwa mazoezi ya matamshi. Mwanafunzi anaongea, maneno yanatokea kwenye kioo, yakitokea sawasawa basi ametamka sawasawa. Si lazima. Programu hizi hazisikilizi sauti tupu, zinakadiria pia ni neno gani linaelekea zaidi kufuata katika sentensi ile. Mwanafunzi wa Kifaransa anayeshindwa kutofautisha irabu ya tu na ile ya tout anaweza kutamka zote mbili kwa namna moja, na mashine ikamwandikia kila moja mahali pake, kwa sababu muktadha umeishatoa jibu. Kosa limefunikwa na msaada. Mwalimu anayelijua hili atatumia programu hiyohiyo kwa neno mojamoja, pasipo muktadha, au atarudi kwenye ujumbe wa sauti wa sekunde 20 anaousikiliza mwenyewe. Ujuzi wa namna hii hauonekani kwenye maelezo ya matumizi ya programu. Ni ujuzi wa mwalimu wa lugha.

Jambo hilohilo linaonekana kwenye kuandika, kwa ukubwa zaidi. Google Translate ilianza mwaka 2006, na mwaka 2016 ikahamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi, tafsiri zikawa laini ghafla. Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Tangu hapo mwalimu anayefundisha Kiswahili kwa wageni anaweza kupokea insha yenye ngeli zote zimepatana, vitabu vyangu hapa, mti wetu pale, kutoka kwa mwanafunzi ambaye akifungua kinywa anasema kitabu yangu. Insha imefika, ngeli hazijafika.

Vyuo vingi vilikimbilia programu za kugundua maandishi ya mashine. Hapa mwalimu wa lugha ya kigeni awe mwangalifu kuliko mtu yeyote. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliambiwa ni kazi ya mashine. Sababu inaeleweka: programu hizo hushuku maandishi yenye maneno ya kawaida na mpangilio unaotabirika, na mwanafunzi wa lugha huandika hivyohivyo kwa kuwa ndicho alicho nacho. OpenAI yenyewe, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa kifaa chake cha ugunduzi Julai 2023, ikisema hakina usahihi wa kutosha. Kumshitaki mwanafunzi kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma.

Njia inayobaki ni kubadili kazi yenyewe. Mwanafunzi aandike aya ya kwanza darasani kwa kalamu. Aende nayo nyumbani, aiombe mashine iisahihishe, arudi na nakala zote mbili na aeleze kwa mdomo mabadiliko matatu: nini kilibadilishwa, kwa kanuni gani, na lipi kati ya hayo halikubali. Hilo la mwisho ndilo tamu, kwa sababu mashine hupenda kulainisha sauti ya mwandishi na kubadili mambo ambayo hayakuwa makosa. Mwanafunzi anayeweza kusema hapa nilikuwa sahihi ameshajifunza sarufi kwa kina kuliko insha kumi za kupeleka nyumbani.

Kwa maandalizi ya mwalimu mwenyewe, akili mnemba inaokoa muda mwingi: habari moja katika viwango vitatu vya ugumu, mazungumzo mafupi yenye wakati uliopita tu, mazoezi ya kujaza nafasi. Lakini aisome kila sentensi kabla ya kuipeleka darasani. Kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, mashine hukosea kwa ufasaha, na kosa fasaha ndilo gumu kulinasa.

Mafunzo yanayobaki

Katika miaka ya 1980 Bruce Joyce na Beverley Showers walichunguza kwa nini walimu hujifunza mbinu kwenye warsha na wasizitumie. Maelezo, maonyesho na hata mazoezi ndani ya warsha vilimpa mwalimu ujuzi, ila ujuzi huo haukuvuka mlango wa darasa mpaka awepo mwenzake wa kumsindikiza katika majaribio ya kwanza. Sababu ni ya kibinadamu: mbinu mpya mara ya kwanza huharibika, na aliye peke yake huirudia ya zamani. Japani wana utaratibu wao wa zaidi ya karne moja, ambapo walimu hupanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa pembeni wakiwatazama wanafunzi badala ya kumtazama mwalimu, kisha wanalijadili. Ni gharama ya saa chache na unyenyekevu kidogo.

Hapo teknolojia inasaidia kwa njia ambayo semina huisahau. Simu iliyowekwa juu ya meza inanasa dakika kumi za kipindi, kwa ridhaa ya wanafunzi, na ya wazazi wao kama ni watoto, na faili inafutwa baada ya kusikilizwa. Mwalimu anajisikiliza akiwa na mambo mawili tu ya kuhesabu: amezungumza yeye kwa muda gani, na baada ya kuuliza swali amesubiri sekunde ngapi. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi nchini Marekani, aligundua kwamba walimu husubiri kama sekunde moja hivi kabla ya kurudia swali, kulijibu wenyewe au kumwita mwingine. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka. Hao walikuwa wakiulizwa kwa lugha wanayoijua. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni lazima kwanza aelewe swali, atafute maneno, ayapange, ajipe moyo. Sekunde moja haimtoshi hata kufungua kinywa. Hakuna programu ya kulipia itakayompa mwalimu habari yenye manufaa kama hii kwa bei hii.

Vikundi vya WhatsApp vya walimu navyo vinatajwa kila mahali kama mafunzo endelevu. Vingi ni salamu, rambirambi na PDF zisizofunguliwa. Vinavyofanya kazi huwa vidogo, na wiki moja huwa na swali moja: wiki hii kila mtu alete sauti moja ya mwanafunzi wake akisimulia jana yake, jina limeondolewa, tuseme tungemsahihisha nini na tungeacha nini.

Na yote haya yanataka muda uliotengwa ndani ya saa za kazi. Uongozi unaonunua vishikwambi 40 na kukataa kupunguza kipindi kimoja kwa wiki ili walimu wawili watazamane umenunua fanicha.

Bado kuna jambo moja ambalo mafunzo mengi hayaligusi kwa aibu: lugha ya mwalimu mwenyewe. Walimu wengi wa lugha za kigeni walijifunza lugha hizo ukubwani, na miaka kumi ya kufundisha wanaoanza hukausha ulimi. Unabaki na sentensi za kitabu cha kwanza. Hapa intaneti imeleta neema halisi: redio za moja kwa moja, podikasti, magazeti, na juu ya yote mtu wa kuongea naye. Tangu miaka ya 1990 vyuo vimekuwa vikiwaunganisha watu wawili kwa mtandao, kila mmoja akiitaka lugha ya mwenzake, nusu ya muda lugha hii na nusu lugha ile. Walimu wawili wa nchi tofauti wanaweza kufanya hivyo mara moja kwa wiki bila kumwomba mtu kibali. Humo mwalimu anakutana na vile vitu ambavyo mwanafunzi wake alikuwa akilalamikia: sauti inachelewa nusu sekunde, unaanza kusema na mwenzako naye anaanza, wote mnanyamaza, na unapopata nafasi tena lile neno ulilolitafuta limeshapotea.